Kwa nini Wi-Fi ya nyumbani huwa na kasi ndogo kuliko intaneti ya waya?

Mteja analipia kifurushi cha megabiti 50 kwa sekunde, lakini simu iliyo chumbani inapata 12 tu. Jambo la kwanza linalomjia akilini ni kupanda kifurushi cha bei ya juu zaidi. Kabla ya kufanya hivyo, ni vyema ajue kasi hiyo inapotelea wapi. Mara nyingi haipotei baharini wala Kigali, bali katika mita chache zilizopo kati ya sebule na mlango wa chumba.

Kwa wakazi wa Rusizi, wilaya ambayo wengi wangali wanaiita Cyangugu, suala hili linagusa mfuko moja kwa moja. Mwenye kibanda cha huduma za Irembo mjini Kamembe hupoteza mteja kila nyaraka inapokwama. Mwanafunzi aliye Bugarama hushindwa kufuata somo kwa video. Wote wawili wanaweza kulipia kasi zaidi, na bado wasiione.

Safari ndefu, hatua fupi

Rwanda haina pwani. Sehemu kubwa ya mawasiliano yake na dunia hupitia mikongo iliyotandazwa chini ya Bahari ya Hindi, inayotua Mombasa na Dar es Salaam, kama vile SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Kutoka huko, data husafiri nchi kavu ndani ya nyuzi za kioo hadi Kigali, kisha hadi wilayani.

Umbali huo unatisha kwa mguu, lakini si kwa mwanga. Ndani ya kioo, mwanga hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Barabara ya Mombasa hadi Kigali ina karibu kilomita 1,700. Mwanga ungeimaliza kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde.

Ni kweli kwamba mkongo unaweza kukatika. Mei 12, 2024, hitilafu katika EASSy na SEACOM iliathiri nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwemo. Hata hivyo, siku kama hiyo anayetumia waya na anayetumia Wi-Fi huathirika pamoja. Iwapo aliye kwenye waya anafanya kazi vizuri ilhali aliye kwenye Wi-Fi analalamika, chanzo cha tatizo kimo ndani ya nyumba.

Hewa ni ya wote

Msikilizaji wa redio anaweza kuuliza: mbona redio haipungui ubora hata ikisikilizwa na watu laki moja kwa pamoja? Jibu ni kwamba kituo cha redio hutuma ujumbe mmoja kwa wote, na wasikilizaji hawajibu. Wi-Fi nayo hutumia mawimbi ya redio, lakini kila simu huomba kitu chake, husubiri jibu lake, na hulazimika kuthibitisha kwamba imelipokea. Yote hayo hupita katika masafa yaleyale.

Mfano wa karibu ni kikao cha wazee. Watu wawili wakizungumza kwa wakati mmoja, hakuna anayesikika. Kila mmoja hungoja mwenzake amalize. Ruta na simu hufanya vivyo hivyo: kifaa husikiliza kwanza, kikikuta kimya husubiri kidogo, ndipo kisema. Sauti mbili zikigongana, pande zote hunyamaza na kurudia. Muda wa kusikiliza, kusubiri, kuthibitisha na kurudia haubebi picha wala ujumbe wowote, lakini nao huhesabiwa. Ndiyo maana, hata karibu na ruta, mtumiaji aghalabu hupata kiasi cha nusu tu ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi, au zaidi kidogo.

Waya haufanyi kikao. Ndani ya waya wa mtandao wa kisasa mna jozi za nyuzi za shaba zinazobeba data kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, na kila kompyuta ina waya wake. Jirani hawezi kuingilia mazungumzo hayo.

Kuna jambo jingine lisilofahamika sana. Simu ya zamani, au iliyo mbali na ruta, huzungumza polepole ili isikike. Ikipewa zamu, huishika kwa muda mrefu kufikisha ujumbe uleule ambao simu ya karibu ingeufikisha haraka. Kwa hiyo simu moja iliyo uani inaweza kupunguza kasi ya nyumba nzima.

Somo kutoka visiwani

Tatizo hili lina umri wa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha ALOHAnet, mtandao uliounganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa mawimbi ya redio. Anayekijua Kisiwa cha Nkombo ndani ya Ziwa Kivu ataelewa kilichowasukuma: penye maji katikati, hewa ni rahisi kuliko waya.

Katika mtandao huo, kila kituo kilituma ujumbe wakati wowote kilipotaka. Ujumbe ulipogongana na mwingine, kilisubiri muda wa kubahatisha kisha kikatuma tena. Hesabu zilionyesha kwamba, kwa utaratibu huo, hata katika hali bora kabisa ni takribani asilimia 18 tu ya uwezo wa njia ingeweza kutumika. Sehemu iliyobaki ilipotea katika migongano na ukimya.

Mwaka 1973, Robert Metcalfe alichukua wazo hilo na kuliingiza ndani ya waya katika maabara ya Xerox huko California, na hapo ndipo ilipozaliwa Ethernet. Mwanzoni waya huo nao ulikuwa mmoja kwa wote, na migongano ilikuwapo. Baadaye zikaja swichi, vifaa vinavyompa kila mtumiaji njia yake, na migongano ikaisha. Wi-Fi, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, imeboreshwa mno tangu hapo, lakini hewa haikatwi vipande ikagawiwa kila mtu chake.

Kuta, mabati na majirani

Ruta nyingi hutumia masafa ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni membamba na yamejaa: chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Katika nyumba zilizosongamana za mjini, ruta tano au sita zinaweza kugombania chaneli hizo. Yale ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi, lakini huchoka haraka yanapokutana na kuta.

Ujenzi nao una sehemu yake. Ukuta mnene wa matofali ya udongo hupunguza nguvu ya mawimbi, na ukilowa hupunguza zaidi, kwa kuwa maji hufyonza mawimbi. Bati, mlango wa chuma na zege lenye nondo huyarudisha yalikotoka. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la chuma imefungwa mdomo kabla haijasema.

Wanaotumia hewa mara mbili

Hali ni ngumu zaidi kwa nyumba ambazo hazijafikiwa na nyuzi za kioo, zikatumia ruta yenye laini ya simu. Hapo data hupita hewani mara mbili: kutoka mnarani hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu. Mnara nao ni mali ya pamoja. Usiku, kijiji kizima kinapofungua video, fungu la kila mmoja hupungua.

Rwanda ilianza huduma ya 4G mwaka 2014 kupitia kampuni moja iliyowauzia wengine kwa jumla, na mwaka 2023 kampuni za simu zikaruhusiwa kujenga mitandao yao ya 4G. Lakini hata minara ikiongezeka, kilima hakihami. Nyumba iliyo bondeni, ambayo mnara wake umesitirika nyuma ya mlima, itapokea mawimbi dhaifu. Na kwa walio kando ya mto Rusizi, mawimbi hayatambui mpaka: kifaa kinaweza kushika mnara wa upande wa Bukavu, hivyo inafaa kuhakikisha kimeunganishwa na mtandao uliolipiwa.

Jinsi ya kubaini kasi inapopotelea

Kipimo rahisi ni kuunganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, kuzima Wi-Fi, kupima kasi, kisha kupima tena kwa Wi-Fi palepale, na mara ya tatu ndani ya chumba chenye tatizo. Ikiwa waya unaleta megabiti 48 na chumbani zinafika 12, kifurushi kikubwa zaidi hakitasaidia kitu. Ikiwa hata waya unaleta 12, tatizo liko kwa mtoa huduma au katika laini yake, na hapo mteja ana hoja ya kumpelekea. Asiporidhika na majibu, anaweza kufikisha malalamiko kwa mamlaka ya udhibiti, RURA.

Katika kupima, megabiti isichanganywe na megabaiti: megabaiti moja ni sawa na megabiti nane. Aidha, waya nao una mipaka yake. Ruta ya zamani yenye matundu ya megabiti 100 haitavuka kiwango hicho, na mahali kama hapo Wi-Fi mpya inaweza kuushinda waya.

Tatizo likiwa ndani ya nyumba, tiba yake si ghali. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu na mahali pa wazi. Simu zilizo karibu zitumie gigahezi 5. Kifaa cha kurefusha mawimbi kitumiwe kwa tahadhari, kwani cha bei nafuu hupokea na kurudia kila ujumbe katika masafa yaleyale, na hivyo kupunguza kasi kwa takribani nusu.

Kwa vifaa visivyohama, kama kompyuta ya kibandani na televisheni ya sebuleni, waya wa shaba unaoweza kwenda hadi mita 100 hununuliwa mara moja tu. Kifurushi kikubwa hulipiwa kila mwezi. Na kila kifaa kinachohamia kwenye waya huziachia hewa simu ambazo haziwezi kuunganishwa kwa njia nyingine.