Michezo ya Kambini: Tucheze Nini na Tucheze Vipi?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila likizo inapokaribia na tangazo la kambi likabandikwa ubaoni, huwa tunapata maswali ya aina mbili. Watoto huuliza, tutacheza nini? Wazazi nao huuliza, kwani mnawapeleka kusoma au kucheza? Tutajaribu kuyajibu yote mawili kwa pamoja.

Tuanze na wazazi wetu. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A.) wakiwa safarini, Bi Aisha akashinda. Baada ya muda wakashindana tena, na mara hii Mtume akashinda yeye. Siku ya Idi Mahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Madina, naye akamsitiri Bi Aisha ili apate kuwatazama. Mashindano ya farasi pia yalifanywa Madina, na Abdullah bin Umar (R.A.) alikuwa miongoni mwa waliopanda. Hivyo basi, mchezo si jambo la kuonewa aibu. Linalohitaji kuangaliwa ni namna unavyochezwa, kwani mchezo huo huo unaweza kumfanya mtoto aipende kambi au asitake kuisikia tena.

Jambo la kwanza ni kugawa makundi. Mara nyingi huteuliwa manahodha wawili, kila mmoja akachagua wachezaji wake kwa zamu. Wanaojua mpira huchaguliwa mwanzo, kisha anabaki mmoja mnene au mgeni, amesimama peke yake, na kila upande unasema mchukueni nyinyi. Mtoto huyo hata akicheza vizuri siku nzima, lile halimtoki. Sisi tunapendelea kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, kisha kila mmoja aende kwenye namba yake. Au kupiga kura, kama alivyokuwa Mtume (S.A.W.) akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri.

Na mwalimu naye ajihadhari. Mtume (S.A.W.) alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale, akawahimiza na kusema kwamba yeye yuko upande wa kundi fulani. Kundi la pili likaacha kurusha. Alipowauliza sababu, wakasema watarushaje naye yuko na wenzao? Akawaambia warushe, yeye yuko nao wote. Sasa ustadhi anayeshangilia kundi lenye mwanawe afikirie hapo.

Tukija kwenye michezo yenyewe, hatuna haja ya kununua vifaa vya gharama. Chukua kombolela. Mmoja analinda mpira au kopo, wenzake wanajificha. Akimwona mtu humtaja jina na kuwahi kugusa kopo, na aliyetajwa anakuwa mateka. Lakini akitokea mmoja ambaye hajaonekana, akawahi kulipiga kopo teke, mateka wote wanakuwa huru. Tunaupenda mchezo huu kwa sababu yule mdogo aliyejificha vizuri kichakani, ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu, ndiye anayeweza kuwakomboa wakubwa saba kwa mara moja. Uchezwe mchana tu, na mipaka iwekwe wazi kabla: mti ule mpaka kisima kile, wala si zaidi.

Nage, au rede kama wengine wanavyoiita, inajulikana zaidi kwa wasichana, na kwenye uwanja wao wenyewe huicheza kwa ustadi mkubwa. Wawili wanarusha mpira kutoka kila upande, walio katikati wanakwepa huku wakijaza chupa mchanga. Kasoro yake ni moja: anayepigwa anatoka, na aghalabu wa kwanza kutoka ni yule yule kila siku. Dawa yake ni rahisi. Aliyepigwa asikae pembeni, bali abadilishane na mrushaji. Fanyeni hivyo kwa kila mchezo wa kutolewa mmoja mmoja, kwani anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayekalishwa juani kutazama.

Kuvuta kamba hakuhitaji maelezo mengi, ila jambo moja ni la hatari: mtu asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni. Wakivuta watu ishirini, kamba ikibana vidole inaweza kuvivunja au hata kuvikata.

Kambi ikiwa karibu na bahari, mwalimu aangalie tarehe ya mwezi wa Kiislamu kabla ya kupanga ratiba. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, ndiyo kusema karibu na tarehe mosi na karibu na tarehe 15. Siku hizo katika pwani yetu maji hutoka mbali sana takriban saa 4 asubuhi, na hujaa takriban saa 10 alasiri. Asubuhi mnapata uwanja mpana wa mchanga kwa mbio za magunia na mpira. Lakini maji yakianza kurudi hurudi upesi, na fungu la mchanga lililokuwa uwanja hugeuka kisiwa. Kwa hiyo saa 6 mchana watoto wote wawe wamekwishahesabiwa nchi kavu.

Mchezo ambao sisi tunauona ni bora kuliko yote ya kambini ni wa kutafuta Kibla. Kila kundi lipewe kijiti kilichonyooka kama urefu wa mita moja, bila dira wala simu. Saa 4 au saa 5 asubuhi wakisimike wima mahali tambarare, waweke jiwe dogo kwenye ncha ya kivuli chake. Wangoje dakika 20, kisha waweke jiwe la pili pale ncha iliposogea. Jua hutoka mashariki kwenda magharibi, basi kivuli huenda kinyume chake. Jiwe la kwanza ni magharibi na la pili ni mashariki. Mtu akisimama jiwe la kwanza likiwa kushotoni kwake na la pili kuliani, ameelekea kaskazini. Na sisi wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar tuna bahati, kwani Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Kila kundi lichore mstari wake, ustadhi apite na dira, na kundi lililokaribia zaidi litoe mwadhini wa Adhuhuri.

Aidha, kila mwaka karibu na tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na tena karibu na tarehe 16 Julai saa 6:27 mchana, jua huwa juu kabisa ya Makka. Saa hizo ukielekea upande lilipo jua umeelekea Kibla, na kivuli cha kijiti hulala nyuma yako. Kambi ikiangukia siku hizo, msiiache nafasi hiyo.

Kuhusu zawadi, watoto husema, tuchange shilingi mia mbili mia mbili, atakayeshinda achukue zote. Hiyo ni kamari, hata kama mchezo ni kukimbia na kijiko na ndimu. Daftari au kanzu ikitolewa na mzazi asiyeshindana, hapo hakuna aliyeliwa pesa yake.

Usiku ndio wakati wa vitendawili, chemsha bongo na visa vya Mitume. Vilevile ndio wakati wa vijana wakubwa kujifunika shuka na kujifanya majini, au kumfichia mwenzao viatu. Wao hucheka, na mdogo wa miaka minane hukojoa kitandani kwa hofu na kuona haya kuifikia asubuhi. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, wenziwe wakaichukua kamba aliyokuwa nayo, akashtuka. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ilikuwa kamba tu. Kwa hiyo katika kambi yetu hakuna mzaha wa majini, na baada ya Isha ustadhi mmoja hulala chumba kimoja na wadogo.

Wazazi, mtoto aje na kandambili na viatu vya kukimbilia, kofia ya jua, chupa ya maji yenye jina lake, tochi, chandarua, na nguo mbili za kuchezea zisizouma roho zikichanika. Kanzu nyeupe mpya ibaki nyumbani.

Wabillahi Tawfiq.