Bili ya maji isiyopanda mlima

Oktoba 2022 Dar es Salaam ilikesha na ndoo. Mto Ruvu ulikuwa umepungua kiasi kwamba mitambo miwili inayoutegemea, Ruvu Juu na Ruvu Chini, ilishuka kutoka karibu lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300 hivi. Ratiba ya mgao ikatangazwa. Mama lishe akahesabu madumu kabla ya kuhesabu sahani. Macho yote yakawa kwenye mitambo na kwenye mawingu. Walioutazama mlima walikuwa wachache.

Mlima huo ni Uluguru, unaouinukia mji wa Morogoro na kupita mita 2,600 kwenye kilele cha Kimhandu. Pepo za Bahari ya Hindi hugota kwenye mbavu zake za mashariki, upande wa Kinole, Tawa na Matombo, na mvua huko huvuka milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifikishi hata theluthi ya hiyo. Msitu huipokea na kuiachia kidogo kidogo: Mgeta, Mvuha, Mfizigo na Ngerengere huteremka na kuulisha Ruvu. Viwanda vya soda na bia, hospitali, saluni na bomba la uani vyote vinakunywa huko.

Tumezoea kuyasikia mazungumzo ya usalama wa maji na chakula kama shida ya nchi za jangwa. Qatar na Oman huchuja chumvi ya bahari ili wapate maji, na chakula chao kingi huletwa kwa meli. Juni 2017 majirani walipoifungia Qatar mipaka, ilibidi ng'ombe wa maziwa wapandishwe ndege. Saudi Arabia ililima ngano kwa maji ya chini ya ardhi ambayo hayarudi. Mwaka 2008 ikaanza kupunguza, na 2016 ikaacha kuinunua kwa wakulima wake. Msomi wa Uingereza, Tony Allan, aliliweka jambo hili kwa lugha ya biashara: anayenunua gunia la ngano amenunua pia maji yaliyoikuza.

Kwa hesabu hiyo, Dar es Salaam ni mji wa jangwa wenye mvua. Maji yake mengi yanatoka nje, kabichi na karoti zake zinatoka nje, na sehemu kubwa ya maji hayo na sehemu ya mboga hizo hutoka mlima mmoja. Tofauti ni kwamba Qatar humlipa anayeiuzia. Sisi kabichi tunailipia, tena kwa kupunja. Maji ya mlimani hatumlipi anayeyalinda.

Kupunja huko kunaonekana Nyandira, huko Uluguru, siku ya soko. Unaiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, unapanda kuelekea Mgeta, na kabla jua halijakaza umeshakuta karoti zimeoshwa mpaka zinang'aa, njegere kwenye viroba, kabichi zikirushwa mkono kwa mkono kupanda Fuso. Gunia likishajaa, halifungwi. Linashonewa kichwa cha nyavu na kamba, linashindiliwa, linaongezwa tena. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini mkulima ambaye mboga zake zitanyauka kesho hana ubavu wa kumwambia dalali apime kilo. Analipwa gunia moja, na kinachopakiwa ni gunia na ushungi wake.

Juu ya soko ndiko kwenye jambo lenyewe. Mpira mweusi, mwembamba kama kidole gumba, umechukua maji kijito cha juu, umepita chini ya migomba, na mwisho wake umefungwa kwenye kijiti chenye kichwa kidogo kinachozunguka na kunyunyiza. Hakuna pampu wala dizeli. Mteremko ndio injini. Mpira mmoja hauumizi mto. Lakini Septemba, mvua ikiwa mbali, mipira ikawa mingi kwenye kijito kimoja, maji huishia kwenye kabichi kabla hayajafika Ruvu. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali, na ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Mita 60 pande zote mbili za kijito, kwenye bonde jembamba la Uluguru, ni shamba zima la familia. Anayemwambia mkulima aliache bila kumpa kitu badala yake anajua jibu atakalolipata.

Jibu hilo limewahi kutolewa waziwazi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, udongo wenye rutuba ukafukiwa chini ya ule wa tumbo la ardhi, na mavuno hayakuongezeka. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Lakini huko Mgeta ngazi zimebaki mpaka leo, zinalimwa na kutunzwa, kwa sababu mboga zilikuwa na soko na maji yalikuwa karibu. Mimi sijaona somo la uchumi lililo wazi kuliko hilo: mlima mmoja, ngazi zile zile, na kilichoamua ni kama zinalipa.

Ndiyo maana jaribio la Kibungo Juu, huko huko Uluguru, lilistahili kuendelezwa. Kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yalikutanisha pande mbili ambazo hazikuwa zimezoea kukaa meza moja: wakulima wa mlimani na wanunuzi wa maji, yaani DAWASCO, wakati huo kampuni ya maji ya Dar es Salaam, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Mkulima alichimba matuta ya fanya juu, akapanda miti na nyasi kwenye kingo, akalipwa kwa eneo alilolitunza. Fedha hazikuwa nyingi, na mradi ulipoisha malipo hayakugeuka kuwa utaratibu wa kudumu. Kwingineko, New York ilifikia makubaliano ya namna hiyo na watu wa milima ya Catskill mwaka 1997, ikakwepa gharama ya kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja. Nairobi nayo ina mfuko wake wa maji kwa wakulima wa Tana ya juu, uliozinduliwa 2015.

Sisi fedha tumezipeleka kwenye zege. Bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu, ambalo mkataba wake ulisainiwa Novemba 2022, limesanifiwa kuhifadhi lita bilioni 190, na siipingi hata kidogo kazi hiyo. Imechelewa kwa miongo. Lakini Morogoro wanalo bwawa la Mindu kwenye mto Ngerengere, tegemeo la mji, na kila msimu mvua hulishushia udongo wa mashamba ya juu. Bwawa halichagui kati ya maji na tope. Linapokea vyote, kisha tope linakaa.

Nimepiga hesabu ya kawaida kabisa. Lita milioni 466 ni uniti 466,000 kwa siku. Tuseme nusu yake inapotea njiani au haitozwi. Kwenye nusu inayobaki, weka shilingi 10 kwa kila uniti: ni zaidi ya shilingi milioni 2.3 kwa siku, karibu milioni 850 kwa mwaka. Mamlaka za maji tayari hulipa ada ya matumizi kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, lakini ada hiyo ni ya kuendesha bonde; haimfikii mwenye ngazi moja kwa moja. Hizi shilingi 10 ziende kwake, kwa masharti yanayopimika: ngazi zilizotunzwa, kingo zilizoachwa, miche ya karafuu na mdalasini iliyoshika. Upande wa Kinole na Matombo viungo hivyo vina soko tayari, na mizizi yake haing'olewi kila msimu kama kabichi.

Bei za maji nchini huidhinishwa na mdhibiti, EWURA, na kabla ya kuidhinisha hukusanya maoni ya wateja. Maombi mengine ya bei ya maji ya Dar es Salaam yakifika mezani, tuliounganishwa na bomba la Ruvu tujitokeze kuomba kifungu cha mlima kiingizwe kwenye bili, na tuseme wazi kwamba tuko tayari kukilipa.