Mwanga ni Wimbi au Chembe? Tuelewe Kabla ya Kuhubiri

Ndugu msomaji, huenda umewahi kusikia katika mahubiri au katika semina ya vijana hoja hii: hata wanasayansi wanakiri kwamba mwanga ni wimbi na papo hapo ni chembe, kwa hiyo asishangae mtu kusikia kwamba Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu. Nia ya msemaji ni njema. Lakini je, hoja yenyewe inasimama? Ili tujibu, yatupasa kwanza tujue wimbi ni kitu gani, na watu walijuaje kwamba mwanga ni wimbi.

Wimbi ni nini?

Tupa jiwe katika maji yaliyotulia. Utaona duara za mawimbi zikienea hadi ukingoni. Lakini jani linaloelea juu ya maji hayo haliendi ukingoni pamoja nazo. Linapanda na kushuka karibu palepale lilipo. Maji hayakusafiri. Kilichosafiri ni mtikisiko, pamoja na nishati iliyomo ndani yake.

Katika wimbi tunapima mambo matatu. Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Masafa ni idadi ya vilele vinavyopita mahali fulani kwa sekunde moja. Ukizidisha urefu kwa masafa, unapata kasi. Sauti hewani husafiri kama meta 340 kwa sekunde. Hivyo noti inayotetema mara 340 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa meta 1.

Mawimbi yana tabia mbili za kukumbuka. Ya kwanza, wimbi likipita katika uwazi unaokaribiana na urefu wake, hutandaa pande zote baada ya kupita. Hii ni sababu mojawapo ya mtu aliyesimama nje ya kanisa, kando ya mlango, kuisikia kwaya ingawa haioni. Ya pili, mawimbi mawili yakikutana huingiliana: kilele kikikutana na kilele, wimbi linakua, kilele kikikutana na bonde, yanafutana.

Pingamizi la Newton

Mwaka 1690 Mholanzi Christiaan Huygens alitoa kitabu akieleza mwanga kuwa ni wimbi. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1704, aliegemea upande wa chembe. Pingamizi lake lilikuwa zito: kama mwanga ni wimbi, mbona haupindi ukaingia kivulini kama sauti inavyopinda? Kwa karibu karne nzima wasomi wengi walimfuata, na jina lake kubwa lilichangia.

Sisi tunaosoma falsafa tunakumbuka hapa fundisho la Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanzoni kabisa mwa Summa Theologiae: hoja inayotegemea mamlaka ya akili ya kibinadamu ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukubwa wa msemaji hauwezi kuchukua nafasi ya sababu.

Na sababu zilikuwapo. Padre Francesco Maria Grimaldi, Mjesuiti wa Bologna, Italia, alikuwa ameruhusu mwanga wa jua uingie katika chumba chenye giza kwa kitundu kidogo sana, kisha akaweka kijiti katika njia yake. Kivuli kilikuwa kipana kuliko kilivyopaswa kuwa kama mwanga ungekwenda moja kwa moja tu, na kandokando yake palikuwa na mistari ya rangi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1665, miaka miwili baada ya kifo chake. Newton aliijua kazi hiyo, lakini aliieleza kwa kudhani kwamba kingo za vitu huathiri mwendo wa miali.

Mwanga ukijumlishwa na mwanga

Mwaka 1803 daktari Mwingereza, Thomas Young, alieleza jaribio jingine. Aliweka kadi nyembamba katikati ya mwali mwembamba wa jua, mwanga ukapita pande zote mbili. Ndani ya kivuli cha kadi ikaonekana mistari ya mwanga na giza kwa kupokezana. Alipoziba mwanga wa upande mmoja, mistari ile ya ndani ilitoweka. Tulia hapo kidogo: alipopunguza mwanga, sehemu zilizokuwa na giza hazikubaki na giza lake. Kwa chembe za kawaida, kama punje za mchanga, hili halielezeki. Kwa mawimbi yanayofutana ni jambo la kutarajiwa.

Hata hivyo wengi hawakushawishika. Mwaka 1818 Chuo cha Sayansi cha Paris kilishindanisha maandiko kuhusu jambo hili. Mhandisi Augustin Fresnel aliwasilisha nadharia ya mawimbi yenye hesabu kamili. Mmoja wa waamuzi, Siméon Denis Poisson, hakuiamini. Akaifuata hesabu hiyo hadi mwisho na kuonyesha inakopeleka: kama ni kweli, basi katikati kabisa ya kivuli cha kisahani cha mviringo lazima pawe na nukta yenye mwanga. Aliona huo ni upuuzi. Mwamuzi mwenzake, François Arago, akafanya jaribio lenyewe, na nukta ikaonekana. Fresnel akapewa tuzo.

Basi pingamizi la Newton linajibiwaje? Kwa vipimo. Mwanga tunaouona una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 400 hadi 700, na nanomita ni sehemu moja kati ya bilioni ya meta. Mlango wenye upana wa meta 1 unalingana na urefu wa noti yetu ya kwaya, lakini kwa mwanga ni upana wa mawimbi kama milioni mbili. Mwanga unatandaa mlangoni, ila kwa kiasi kidogo mno kuonekana. Jaribu mwenyewe: sogeza vidole viwili karibu na jicho, viache ufa mwembamba sana, kisha tazama taa iliyo mbali (kamwe usitazame jua). Utaona vijistari vyeusi ndani ya ufa.

Na chembe je?

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwanga hutoa nishati yake kwa mafungu, ambayo leo tunayaita fotoni. Kuna metali ambazo mwanga hafifu wa urujuani huzitoa elektroni, ilhali mwanga mwekundu, hata ukiwa mkali, hauzitoi. Sababu ni kwamba nishati ya kila fungu hutegemea masafa, wala si ukali wa mwanga.

Je, huu ni mgongano wa mantiki? Hapana. Fizikia haisemi kwamba mwanga ni kitu fulani na papo hapo si kitu hicho. Inasema kwamba maneno "wimbi" na "chembe", tuliyoyatoa kwenye maji na mchanga, kila moja peke yake halitoshi. Mwanga husambaa kwa kanuni za wimbi na hupokewa kwa mafungu, na nadharia moja yenye hesabu moja inaeleza yote mawili. Kila sehemu yake imepimwa kwa majaribio.

Tukirudi kwenye ile hoja ya mahubiri, tunaona kasoro yake. Tabia ya mwanga ilijulikana kwa kupima. Utatu Mtakatifu tunaujua kwa ufunuo. Tena mwanga haupingani na akili, hivyo hauwezi kuwa kielelezo cha kukubali kisichoeleweka. Mtakatifu Thoma huyohuyo anaonya kwamba anayejaribu kuuthibitisha Utatu kwa akili ya kawaida anaiumiza imani, kwa sababu wasioamini watatucheka wakidhani tunaamini kwa sababu dhaifu kama hizo.

Katika kanisa leo wamo wanafunzi wa kidato cha sita, walimu wa fizikia na mafundi umeme. Kijana akisikia mimbarini jambo analojua kuwa si sahihi, anaweza kutilia shaka na yale yaliyo sahihi. Tuueleze mwanga kama ulivyo. Uzuri wake unatosha kumsifu aliyeuumba, bila kuutwisha mzigo usio wake.