Pevingi, zege au kokoto? Soma hapa kabla hujamwaga hela getini

Leo tuache siasa kidogo, tuongelee njia ya gari, ile ya kutoka getini mpaka barazani. Najua kuna watakaosema mi hata baiskeli sina, inanihusu nini? Inakuhusu sana tu. Wengi wetu tunaoshinda kwenye kafe tuna kaka au dada yuko majuu anajenga Bongo, na msimamizi wa ujenzi ni wewe. Hela inatumwa, fundi anakwambia "dogo, hapa tuweke pevingi", unaitikia. Masika ikipita njia imebonyea kama godoro la gesti. Bro akiona picha hamuulizi fundi, anakuuliza wewe hela umepeleka wapi. Hapo utajieleza mpaka basi.

Watu wengi wanachagua kwa macho. Wanaona vitofali vyekundu na vya kijivu vimepangwa vizuri kwa jirani, nao wanataka hivo hivo. Lakini gari halibebwi na kitofali, linabebwa na udongo ulioshindiliwa chini yake. Udongo ukiwa haujashindiliwa maji yanaingia, unalainika, gari likipita panazama. Ndo maana unaweza kukuta nyumba mbili zimenunua pevingi kiwanda kimoja, moja iko safi na nyingine ina mabwawa.

Halafu kuna suala la uzito. Utasikia mtu anasema "sisi tuna Vitz tu". Sawa, na maji mnaletewa na nini? Lita 1 ya maji ina kilo 1, kwa hiyo boza la lita 10,000 lina tani 10 za maji peke yake, gari lenyewe hujalihesabu. Gari la kunyonya choo nalo linaingia tupu, linatoka limeshiba. Jiulize magari hayo yanaingia ndani ya geti au yanabaki nje na kuvuta mpira. Jibu la hapo ndo linakwambia ununue nini.

Tuanze na pevingi (wenzetu Wakenya wanaita kabro). Vya sentimita 6 vinatosha kwa gari dogo. Kama boza linaingia ndani, chukua vya sentimita 8, usibishane. Kabla ya kununua, gonganisha viwili: kizuri kinalia kikavu kama chungu kizima, kibovu kinatoa sauti ya kufa na pembe zinamomonyoka. Kikwaruze na msumari. Ukipata unga mwingi, simenti waliionea huruma. Uliza pia vimetengenezwa lini, kwa sababu zege huchukua kama siku 28 kufikia nguvu yake iliyopangwa, na kuna wauzaji wanaotoa mzigo wa wiki iliyopita.

Kazi yenyewe inaenda hivi: unatoa udongo wa juu wenye mizizi, unaweka moramu au kifusi kigumu mpaka kama sentimita 15, unamwagia maji kiasi na kushindilia kwa mashine kwa matabaka, sio yote kwa mkupuo. Juu yake mchanga wa sentimita 3 hadi 4 tu. Hapa ndo mafundi wengi wanapopiga. Wanaruka kushindilia, mashimo wanayafukia kwa mchanga mnene, siku ya kwanza panaonekana kama meza. Ukiona mchanga unafika kwenye kifundo cha mguu, simamisha kazi. Pia pembeni lazima kuwe na ukingo wa zege, la sivyo vitofali vinaanza kutembea kwenda kwenye maua ya mama. Mwisho unafagilia mchanga mkavu laini kwenye nyufa na kupitisha mashine tena. Uzuri wa pevingi ni kwamba bomba likipasuka chini unavitoa, unatengeneza, unavirudisha vile vile.

Zege haina huruma hiyo, ukishavunja kiraka kitaonekana milele. Lakini kwa mlima, zile nyumba za Goba ambazo gari linapanda kama linaenda mbinguni, mi naona zege ndo yenyewe. Unene sentimita 10 kwa gari dogo, 15 kwa boza, uso ukwaruzwe na fagio gumu ili tairi lishike. Iachiwe mistari ya kukatia kila kama mita 3, maana zege lazima itapasuka, wewe unaiambia tu ipasukie wapi. Imwagiliwe maji angalau siku 7. Dogo wa kumwagilia ndo wewe.

Lami niiseme haraka. Inamwagwa ikiwa na joto la kama nyuzi 150 na inataka rola, kwa hiyo kwa kanjia ka nyumbani ni gharama ya bure. Dizeli na oili zikidondoka zinaila. Akija mtu anasema ana lami iliyobaki kwenye mradi wa barabara, jiulize kwanza ni mali ya nani, halafu gusa uone kama haijapoa.

Kokoto watu wanaidharau, mi siidharau. Ni rahisi, maji yanapita, na mwizi akikanyaga usiku unamsikia. Chukua zilizopasuliwa zenye pembe, zinang'ang'aniana. Za mviringo zinateleza kama gololi. Ila kwenye mteremko mvua inazibeba, na bibi mwenye fimbo atakulaumu. Kama hela haitoshi kabisa, mwaga mistari miwili ya zege ya matairi, kila mmoja upana kama sentimita 60, katikati weka kokoto au nyasi. Ukifanya hivo unaokoa zaidi ya nusu ya zege na gari linapita raha mustarehe.

Udongo wako nao una maneno yake. Kigamboni kwenye mchanga, ukingo wa pembeni ndo roho ya kazi. Kwenye mfinyanzi mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, usimwage zege juu yake moja kwa moja. Chimba utoe, jaza moramu, na hata hapo pevingi au kokoto zinavumilia zaidi.

Sasa maji, ambayo hakuna anayeyafikiria mpaka yagonge mlango. Njia ya mita 4 kwa 15 ni mita za mraba 60. Mvua ya milimita 50 ikipiga hapo ni lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200. Ukiweka zege karibu yote yanatembea. Yanaenda wapi? Kwa jirani, na kesho mnaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Au kwenye karo, linajaa, unalipia gari la kunyonya maji ya mvua. Waliokuwepo Dar Desemba 2011 wanajua bonde la Msimbazi lilifanya nini, na sisi wa vilimani kila tunapoziba ardhi tunawasukumia wenzetu wa bondeni maji zaidi. Weka mteremko wa sentimita 2 kila mita, uelekee mbali na ukuta wa nyumba, na mwisho wake uwe mfereji au shimo la kokoto la kunywea maji.

Kwa nyumba ya kawaida ya Dar isiyo mlimani, mi nasema pevingi, na hela ikikatika, mistari miwili.

Malipo yagawe. Moramu ikishashindiliwa, kabla mchanga haujamwagwa, weka futi ya kupimia pale, piga picha, mtumie bro. Hela ya mwisho usimpe fundi mpaka umemwaga ndoo kumi za maji getini na kuona zinaelekea wapi.

Wadau wa Mwanza, huko mawe ni bwerere, nyie mnaweka nini getini? Tuambieni hapo chini, na bei za moramu mikoani mzitaje.