Tenda ya kaunti: Kuipata ni kazi, kulipwa ni kazi zaidi

Bila shaka unamjua mtu mtaani mwako ambaye husemekana "alipata tenda". Alinunua gari, akahamia mtaa mwingine na watoto wakabadilishiwa shule. Na huenda unamjua mwingine aliyepata tenda kama hiyo hiyo, lakini leo hujifungia ndani akisikia kwamba dalali ameonekana langoni. Wote wawili waliiuzia bidhaa serikali ya kaunti. Je, mmoja alijua nini ambacho mwenzake hakujua?

Kaunti zetu 47 zilipoanza kazi mwaka wa 2013, zilichukua hospitali, shule za chekechea, masoko, barabara ndogo na uzoaji wa taka. Hebu fikiria hospitali kama Pumwani au Mbagathi hapa Nairobi. Wagonjwa lazima wale kila siku, shuka lazima zifuliwe, na paa likivuja lazima fundi aitwe. Mchele, maharagwe, maziwa, sabuni na karatasi, vyote hivyo hununuliwa kwa mtu fulani. Kwa nini mtu huyo asiwe wewe, au bintiye jirani yako aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi?

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015 haimsahau mnyonge. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, chini ya mpango unaojulikana kama AGPO. Kampuni ya vijana ni lazima asilimia 70 ya umiliki wake iwe mikononi mwa vijana wenyewe, na wakurugenzi wote wawe vijana. Kwa hivyo yule mjomba anayetaka kutumia jina lako huku yeye akishika kitabu cha hundi anakutia taabani. Cheti chenyewe hutolewa bure. Ukiombwa pesa ili "kiharakishwe", ondoka. Tena, kila kaunti inatakiwa kuwapa wakaazi wake angalau asilimia 20 ya ununuzi wake.

Baada ya hapo huja makaratasi, na hapa ndipo wengi huanguka. Utahitaji cheti cha kusajili biashara, nambari ya PIN, cheti cha kuonyesha kwamba umelipa kodi na leseni ya kaunti. Soma tangazo la zabuni mara tatu. Likisema kurasa zote ziwekwe nambari mfululizo, ziwekwe, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hata zile za viambatisho. Watu wenye bei nzuri na bidhaa safi wamewahi kutupwa nje kwa sababu ya jambo hilo moja. Wakilalamika kwamba wameonewa, hujibiwa kwamba sheria ni sheria, na kusema kweli ni hivyo.

Jambo jingine ni hesabu. Bei unayoandika kwenye fomu ya zabuni ni ya mwisho. Ukikosea kujumlisha ukaandika shilingi 40,000 mahali pa 400,000, hakuna atakayekurekebishia, wala wewe hutaruhusiwa. Mpe mtoto wa sekondari akupigie hesabu upya kabla ya kufunga bahasha. Siku ya kufungua zabuni nenda mwenyewe, kwani hufunguliwa mbele ya wote waliofika na bei husomwa kwa sauti. Ukiamini kwamba umedhulumiwa, una siku 14 za kupeleka malalamishi yako kwa bodi ya kukagua zabuni, nayo ina siku 21 za kuamua. Lakini kuna ada ya kulipa, na wengi wenye tenda ndogo huona afadhali wanyamaze.

Haya, tuseme umeshinda. Umepewa LPO, ile hati ya kuagiza bidhaa, na nyumbani kuna vigelegele. Ni wakati huu ambapo mume na mke wanahitaji kuketi mezani na kalamu, kabla ya yeyote kugusa hatimiliki ya shamba.

Tuseme umeagizwa maharagwe ya shilingi 400,000, nayo yatakugharimu 320,000. Faida ni 80,000. Huna pesa, kwa hivyo unakopa zote 320,000 kwa riba ya asilimia tano kila mwezi. Hiyo ni shilingi 16,000 kwa mwezi. Kaunti ikikulipa baada ya mwezi mmoja, umebaki na 64,000. Ikikulipa baada ya miezi mitano, umefanya kazi bure. Kuanzia mwezi wa sita unailipa benki kwa karo ya watoto wako.

Na kaunti huchelewa. Kufikia Juni 2024, kaunti zote zilikuwa na madeni yanayozidi shilingi bilioni 180, na zaidi ya nusu yalikuwa ya Nairobi pekee, ambayo ilirithi mengine kutoka kwa Baraza la Jiji la zamani. Wakati mwingine pesa za Hazina huchelewa kufika. Wakati mwingine kaunti huwa imeagiza vitu ikitumainia ushuru ambao haukukusanywa. Pia mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na anayepeleka bidhaa wiki za mwisho huweza kuambiwa angoje bajeti mpya. Kisha kuna uchaguzi: gavana mpya akiingia, jambo la kwanza mara nyingi ni kuunda kamati ya kuchunguza madeni ya aliyemtangulia.

Kwa maoni yangu, familia isiyoweza kuishi miezi sita bila pesa hizo isichukue tenda kubwa. Ianze na ndogo, ya bidhaa ambazo tayari inauza dukani. Na usipeleke hata gunia moja kwa ahadi ya mdomo au ya simu, hata anayepiga akijitambulisha kama afisa mkubwa. Matapeli wa LPO bandia ni wengi mjini. Nenda ofisi ya ununuzi ya kaunti na uulize kama hati hiyo imetoka kwao.

Ukishapeleka, hakikisha kamati ya kukagua na kupokea bidhaa imetia sahihi na muhuri, na nakala zote uzifungie nyumbani. Mkaguzi Mkuu alipochunguza madeni ya kaunti ya kufikia Juni 2018, kati ya takriban shilingi bilioni 88 zilizodaiwa, ni kama bilioni 51 tu alizosema zinastahili kulipwa. Nyingi ya zile nyingine hazikuwa na stakabadhi za kutosha.