Je, Wajua? Samaki mmoja, rangi kadhaa

Mvuvi akitoa besi wawili katika Hori ya San Diego, huko California, mmoja wa kijani kibichi cha mzeituni na mwingine wa rangi ya mchanga, huenda akadhani amepata aina mbili. Kumbe ni walewale! Wote ni besi wa madoa, Paralabrax maculatofasciatus, samaki mwenye madoa meusi hadi usoni, anayefanana kidogo na chewa wetu.

Tofauti hutokana na makazi. Ngozi yake ina chembe za rangi zinazotawanyika na kukusanyika: penye majani ya bahari huwa mweusi zaidi, penye mchanga mtupu hupauka. Kwa hiyo rangi humwonyesha mvuvi alikokuwa samaki, na pengine pa kutupia mshipi tena.

Kumpata hakuhitaji makuu. Chambo laini cha plastiki chenye urefu wa kidole, kilichovishwa ndoana yenye risasi kichwani, hushushwa hadi chini na kurushwarushwa kando ya majani, maji yakiwa yanajaa au kupwa. Maji yakisimama, subira nayo huisha.

Akishanaswa, besi huyu ana nguvu kuliko umbo lake.

Rula ni lazima. Tangu 2013, sheria za California zinataka afikie inchi 14, takriban sentimita 36, na mvuvi asichukue zaidi ya besi 5 kwa siku, akijumlisha na ndugu zake wawili wa jenasi hiyo. Aliye mfupi hurudishwa majini, hata awe na rangi nzuri kiasi gani.