Kuvua Ngege Ukiwa Ukingoni mwa Bwawa

Bwana Mkulima, ikiwa skimu yenu ina bwawa lenye ngege, msiwaache humo miaka mkingoja wanenepe. Ngege huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, na jike hutunza mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, hivyo watoto wengi hupona. Bwawa likijaa, chakula hakitoshi, na wote hubaki wadogo. Dawa yake ni kuwavua.

Asiye na wavu wala mtumbwi atumie mwanzi wa hatua tatu, uzi mwembamba wa nailoni na ndoana ndogo. Wengi hununua ndoana kubwa wakitumaini samaki mkubwa. Hiyo ni kutupa fedha, maana mdomo wa ngege ni mdogo. Chambo ni nyungunyungu, au kidonge cha ugali mgumu kama punje ya hindi. Funga kipande cha gunzi kavu juu ya ndoana ili kielee. Kikizama, au kikienda kando, vuta taratibu.

Nyanda za juu maji ya asubuhi ni baridi, na ngege hali vizuri. Ngoja hata saa tano, kisha tafuta mahali pa kina kifupi penye mashimo ya mviringo chini, yaliyochimbwa na madume wakati wa kuzaa. Kivuli chako kisianguke majini.

Ukimpata, mshike kuanzia kichwani ukilaza miba ya mgongoni, la sivyo atakuchoma. Wadogo usiwarudishe bwawani, ndio wanaomaliza chakula. Wakaange wawe kitoweo cha jioni.